Bitana Nyeupe

Kianda, Kibera
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Aunti Kamene,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana Mama anasema siku hizi hukai. Sisi tuko salama. Kikohozi cha Mama kimeisha. Mkanda wa cherehani ulikatika Jumatano, akakaa siku nzima akiutazama kama mtu aliyesalitiwa, lakini sasa amepata mwingine. Nyanya ametuma ndengu kutoka Machakos. Fungu lako liko chini ya mfuko, usilitikise.

Nimetii sharti lako kwamba simu ni ya salamu na barua ni ya maneno. Nimeiweka barua katika mfuko wa kushoto wa nguo, kama kawaida. Anko Nzuki akija kuchukua mzigo, tafadhali asiisome njiani.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu Kavetsa, anayetufundisha Kiswahili katika Kidato cha Tatu, ametupa kazi ya utafiti. Kila mmoja achague watu wa kazi moja na awaulize jambo moja dogo. Nimechagua wauguzi, na swali langu ni hili: hupenda kuvaa nini kazini? Wenzangu walicheka, lakini Mwalimu alisema ni swali zuri kwa sababu hakuna anayewauliza. Ripoti bora itasomwa mbele ya wageni kutoka chuo cha uuguzi, na aliyeiandika atakaa chuoni wiki moja akiona mafunzo. Aunti, unajua nataka nini maishani. Sitaandika zaidi.

Nimeweka karatasi kumi na moja, moja kwa kila muuguzi wa zahanati yenu ya uzazi. Maswali ni matatu: nguo ya namna gani, rangi gani, na kwa nini.

Pia kuna zawadi. Mimi na Mama tulienda Makina, kwenye duka la Bi Zeinabu, nikachagua kitambaa mimi mwenyewe. Ni cha rangi ya maruni, ile Bi Zeinabu huita damu ya mzee. Aliapa hakichuji. Mama amekushonea blauzi na suruali, na kiunoni ameweka lastiki badala ya kifungo, kama ulivyoomba. Nilimuuliza kwa nini lastiki. Akaniambia nishike sindano. Mimi si mtoto, Aunti, lakini nimeshika sindano.

Wako mtiifu,
Mwongeli


Kawangware
Jumapili, 2 Machi 2025

Mwongeli mwanangu,

Ndengu zilifika na tumezila na chapati. Anko wako alikula mpaka akafungua mshipi. Anakusalimu, na anasema hasomi barua za watu. Ni uongo, alijaribu, lakini mwandiko wako wa kuunganisha ulimshinda.

Uliuliza kuhusu lastiki bila kuuliza, kwa hiyo nakujibu. Mwezi wa kumi, Mungu akipenda, utapata binamu. Tumengoja miaka minane. Mama yako alijua kwa sababu fundi akiombwa lastiki hadanganyiki. Usimwambie mtu mwingine kwanza. Kwetu tunasubiri mpaka tumbo lijiseme.

Haya, karatasi zako. Ungeona siku niliyozigawa. Sista Nasipwondi, ninayefanya naye zamu, alisoma swali la kwanza akaketi kabisa. Akasema, "Mwambie huyo msichana nataka mifuko. Wanivalishe hata gunia, bora liwe na mifuko minne." Wote kumi na mmoja wamechagua suruali na blauzi, hata Sista Nabalayo, ambaye alianza kazi enzi za gauni jeupe, mshipi wa buluu na kofia ya pini. Anasema kofia yake iliwahi kuanguka ndani ya beseni mama akiwa anasukuma, na yule mama akacheka mtoto akatoka. Kuhusu gauni amesema nyeupe ni ya harusi na ya picha.

Rangi pia wamekubaliana: nzito. Maruni, buluu ya usiku, kijani cha chupa. Sababu karibu zote ni moja. Damu ya mgonjwa mmoja isimtishe mgonjwa anayefuata.

Yangu umeiona hapo juu ya zote. Maruni, kitambaa chako. Nimeifua mara tatu na haijachuja hata tone. Wenzangu wananiuliza fundi yuko wapi.

Aunti yako,
Kamene


Kianda, Kibera
Jumapili, 30 Machi 2025

Kwa Aunti Kamene,

Nimesoma barua yako nikiwa juu ya kitanda, na nikaanguka. Si mfano wa maneno. Mama alikuja mbio na mkasi mkononi. Ulisema nisimwambie mtu, kwa hiyo hata yeye nilimwambia nimefurahia majibu ya wauguzi.

Sisi tuko wazima. Bomba la pale mbele lilikosa maji siku nne tukawa tunateka Mashimoni, na shingo yangu sasa ni ya mwanariadha.

Nimechora jedwali. Karatasi zingine zimenishtua, Aunti. Kuna aliyeandika kwamba hanywi maji tangu asubuhi kwa sababu akienda msalani hakuna wa kumshikia zamu. Kuna aliyeandika anapenda viatu vya plastiki kwa sababu vinaoshwa kwa bomba, halafu akaeleza ni nini kinachooshwa. Nilifunga ile karatasi nikaenda nje kidogo. Halafu nilirudi nikainakili yote, kwa sababu Mwalimu alisema mtafiti hachagui anachopenda. Bado nataka kuwa muuguzi. Nimejiuliza mara mbili na jibu ni lilelile.

Nimeanza kufuma kofia ya sufu ya manjano. Inaweza kuvaliwa na msichana au mvulana. Nimekosea mara tatu na kufumua, lakini tuna muda mpaka mwezi wa kumi.

Jitunze. Kunywa maji hata kama hakuna wa kukushikia zamu.

Wako,
Mwongeli


Kawangware
Jumapili, 11 Mei 2025

Mwongeli,

Hatujambo. Samahani kwa kukaa kimya.

Nimemtuma mtu wa bodaboda kwa sababu Anko wako ana kazi ya kuchomelea milango na hajapata nafasi. Nguo iliyo ndani ya mfuko siihitaji tena. Mwambie Mama aikate matambara au afanye atakavyo.

Kwenye karatasi yangu, futa maruni. Andika nyeupe. Sehemu ya sababu iache tupu.

Soma kwa bidii.

Kamene


Kianda, Kibera
Jumapili, 18 Mei 2025

Kwa Aunti Kamene,

Sijui nianze na salamu gani. Tuko wazima. Nitaandika kilichotokea kwa utaratibu, kwa sababu nikiacha utaratibu sitaweza.

Barua yako ilifika Jumapili iliyopita. Niliona umeruka mambo mengi lakini nikadhani umechoka. Jumatatu Mwalimu Kavetsa alikagua jedwali langu, akaona nyeupe moja katikati ya rangi nzito kumi, na nafasi tupu kando yake. Alisema jibu lililobadilishwa bila sababu haliwezi kuhesabiwa. Nikapanga kukuandikia nikubembeleze. Nakuomba msamaha kwa hilo. Sikujua.

Jana Mama alitaka kuikata ile suruali. Unajua sheria yake, nguo ya mtu haipandi cherehani kabla ya kufuliwa. Kwa hiyo niliiloweka. Niliikuta imekakamaa lakini haikuwa na doa, Aunti. Niliigeuza juani na sikuona doa lolote. Niliiacha kwenye beseni nikaenda kuanika mashuka. Niliporudi na kuanza kuisugua, maji yalikuwa mekundu.

Nilimwita Mama. Akatazama, akaghadhabika. Alisema Zeinabu ametuuzia kitambaa kinachochuja, baada ya kiapo chote kile, na kwamba fundi huharibiwa jina na vitu kama hivyo. Tuliikamua suruali tukaitia kwenye ndoo tukatembea mpaka Makina, Mama mbele, mimi nyuma na ndoo.

Dukani kulikuwa na wateja wawili, na Mama hakungoja watoke. Alisema aliyoyasema. Bi Zeinabu hakujibu kwa hasira. Alitoa jora lilelile, akakata kipande, akakitia kwenye bakuli la maji mbele ya watu wote, akasema tungoje. Aliagiza chai. Tuliinywa tukiwa tumesimama. Alipoinua kile kipande maji yalikuwa meupe kama yalivyotoka bombani.

Bi Zeinabu akaichukua suruali kutoka kwenye ndoo, akaigeuza nje ndani, akaniuliza mimi.

"Mwenyewe anafanya kazi gani?"

"Ni muuguzi. Anazalisha."

"Rangi ilitoka wapi? Mbele, kwenye mapaja, au wapi?"

Nilikuwa nimeona, kwa sababu ndimi niliyeisugua. Nikamwambia ilitoka nyuma, pale pa kukalia, kwa upande wa ndani.

Damu ya mgonjwa humrukia muuguzi mbele. Niliielewa sentensi hiyo kichwani kabla mtu hajaisema, na hakuna aliyeisema. Bi Zeinabu alizunguka meza akamshika Mama mikono yote miwili. Akasema, "Pole, mamangu. Pole sana." Wale wateja wawili walitoka bila kununua.

Kurudi, Mama aliibeba ndoo mwenyewe. Mpaka sasa ameketi kwenye cherehani na hashoni.

Kitambaa nilichagua mimi, Aunti. Kulikuwa na cha buluu mpauko na nikasema hapana, hiki ni bora kwa sababu hakionyeshi kitu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, na Bi Zeinabu akanisifu.

Tafadhali niambie ilikuwa ya mgonjwa. Kama si ya mgonjwa, niambie pia.

Mwongeli


Kawangware
Jumapili, 8 Juni 2025

Mwongeli mwanangu,

Mama yako alikuja siku ileile uliyotuma barua, kwa hiyo unajua jibu. Alikaa nasi siku tatu. Alipika, akafua, hakuniuliza kitu. Lakini wewe uliniuliza, na nimechukua wiki tatu kutafuta namna ya kukujibu ukiwa na miaka kumi na sita. Sijaipata, kwa hiyo nakuandikia kama mtu mzima.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe tano Aprili, zamu ya mchana. Tulikuwa wawili, mimi na Nasipwondi, na akina mama sita. Wawili walikuwa tayari kwa wakati mmoja. Tumbo lilianza kuniuma kama saa nne. Nikajiambia ni kusimama. Baadaye nilihisi unyevu. Katika chumba kile kila kitu kina unyevu, Mwongeli. Maji ya uzazi yanamwagika, dawa ya sakafu inamwagika, mtu anatoka jasho. Niliangalia chini mara mbili. Nakumbuka vizuri kabisa, mara mbili. Niliona suruali yangu ya maruni kama ilivyokuwa asubuhi.

Nilipokea watoto wanne siku hiyo. Wote walilia.

Nilifika nyumbani nikaketi kwenye kochi. Unavijua vile vitambaa vyeupe ambavyo Mama yako alitufumia tulipooana. Niliposimama kuchukua maji, Anko wako alikitazama kiti halafu akanitazama mimi. Niligeuka, nikaona kitambaa cheupe kimelowa damu. Ndivyo nilivyojua.

Daktari alisema huenda hata tungeona mapema isingesaidia. Alisema huenda. Neno hilo nimelala nalo kila siku. Nasipwondi naye hana amani, anarudia kwamba alipita nyuma yangu mara ishirini. Ningekuwa na lile gauni jeupe la Nabalayo, angeniona kutoka mlangoni.

Ile nguo nilitaka kuichoma nikashindwa. Nilitaka tu itoke nyumbani. Nikasahau sheria ya Mama yako kuhusu cherehani. Muuguzi mzima, natuma damu kwa mtoto bila onyo. Nisamehe.

Sasa sikiliza. Kitambaa hakina kosa, na wewe huna kosa. Ulichagua vizuri kwa sababu uliyoijua. Hata mimi ndiyo niliyoiandika kwenye karatasi yako.

Haya usiyaweke kwenye ripoti. Mwache mwalimu akate alama.

Aunti yako


Kianda, Kibera
Jumapili, 20 Julai 2025

Kwa Aunti Kamene,

Salamu kutoka kwa Mama. Anashona tena. Nyanya naye amejua, sijui nani alimwambia, na ametuma asali. Usile kidogo kidogo, amesema ni ya mifupa.

Ripoti niliikabidhi. Mwalimu Kavetsa aliniita mbele ya darasa kuhusu mstari wako.

"Mwongeli, mtu hubadilisha jibu bila sababu?"

"Sababu ipo, mwalimu. Lakini si yangu kuitoa."

"Basi hapa ni patupu."

"Ndiyo, mwalimu. Ni patupu."

Alikata alama. Iliyosomwa mbele ya wageni ilikuwa ya Ndululu, kuhusu makoti ya waendesha bodaboda. Ilikuwa nzuri. Nilipiga makofi. Wiki ya chuoni ataenda yeye, na anataka kuwa rubani. Nilikuwa na huzuni siku mbili halafu ikapungua, kwa hiyo usijilaumu.

Lakini nilikuwa nikifikiria, Aunti. Wenzako kumi hawakukosea. Mama anayefuata kitandani hapaswi kuona damu ya aliyemtangulia. Na wewe hukukosea kuandika nyeupe. Nilijaribu kuchora nguo ambayo iko nyeupe na nzito kwa pamoja, na kila nilichochora kilikuwa kama bendera. Halafu nikamwona Mama akitia bitana kwenye koti la mtu.

Ndiyo suruali mpya iliyo ndani ya mfuko huu. Nje ni maruni ileile. Ndani, pale pa kukalia na kwenye mapaja, kuna bitana ya pamba nyeupe, nyembamba. Mama alibisha kwamba utachemka kama ndizi. Tukaipunguza mara mbili. Bi Zeinabu alitoa pamba yeye mwenyewe, akasema tusimtajie malipo. Ukienda msalani utajiona. Nje mgonjwa asitishike, ndani wewe usidanganyike.

Kama huwezi kuitazama, irudishe na hatutasema kitu.

Mwongeli


Kawangware
Jumapili, 21 Septemba 2025

Mwongeli mwanangu,

Asali imeisha. Anko wako anasema mifupa yake imepona ingawa haikuwa inauma. Alinichekesha, na nilishtuka kusikia sauti yangu.

Nitakuambia ukweli. Nilipofungua mfuko na kuona maruni, nilikasirika. Niliutupa chini ya kitanda na ukakaa huko karibu miezi miwili. Ndiyo sababu ya kimya changu. Nimekuwa nikivaa koti jeupe kuukuu la maabara, na kila jioni nalifua huku nikihesabu damu za watu.

Wiki jana niliutoa. Niliubeba kazini bila kujua kama nitaivaa. Katika chumba cha kubadilisha nguo, Nasipwondi aliichukua akaigeuza, kama anavyogeuza kila kitu kutafuta mifuko. Aliiona bitana. Alipitisha kiganja juu yake polepole. Akauliza, "Nani amefikiria hii?" Nikamwambia ni yule msichana wa karatasi. Akaketi kwenye benchi, akaniambia jambo lililompata miaka sita iliyopita, ambalo hajawahi kumwambia mtu. Hilo sitaliandika. Mlango ulikuwa wazi na Sista Nabalayo alisikia, naye akaingia akaufunga, akasema lake.

Nilikuwa nadhani niko peke yangu, Mwongeli. Tulikuwa watatu katika chumba kimoja cha watu kumi na mmoja.

Niliivaa siku hiyo. Sasa wauguzi saba wanataka za namna hiyo, na vipimo vyao viko kwenye mfuko wa kushoto. Nasipwondi anataka mifuko minne, usimwekee mitatu.

Na lile jibu langu, mpe mwalimu wako. Alama hazitarudi, lakini sitaki pabaki patupu. Andika: nyeupe, ili na mimi nionekane nikiumia.

Aunti yako,
Kamene


Kianda, Kibera
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kwa Aunti Kamene,

Najua huu ni mwezi gani, kwa hiyo sitauliza habari. Nasema tu kwamba tunakukumbuka asubuhi na jioni, na Mama amewasha mshumaa kanisani.

Nilimpelekea Mwalimu Kavetsa ile karatasi ikiwa imejazwa. Aliisoma akiwa amesimama, akaniomba nimweleze, nikamweleza kiasi ulichoniruhusu. Alivua miwani. Aliniuliza Mama hufungua saa ngapi. Dada yake anafanya kazi katika wodi ya uzazi.

Alikuja Jumamosi na kitambaa cha kijani. Mama alimpa kiti, na mimi nikakata bitana. Siku hizi bitana zote nakata mimi.

Ile kofia ya manjano bado ninayo. Sikuimaliza na sijaifumua. Sikujua lipi ni sahihi.

Mwongeli


Kawangware
Jumapili, 15 Februari 2026

Mwongeli mwanangu,

Nimesikia uko Kidato cha Nne na umekuwa kiranja wa maktaba. Anko wako amewaambia wateja wake wote, hata waliokuja kuchomelewa beseni.

Ameleta mzigo yeye mwenyewe leo. Mwambie Mama atoe kifungo kwenye suruali hizi mbili, aweke lastiki. Akitaka kukuuliza kama unajua kwa nini, shika sindano.

Usiifumue kofia.

Leo ni wiki ya kumi na sita. Nimekataa zamu za watu wawili kwa akina mama sita, na nilipokataa, wenzangu kumi walisimama nyuma yangu. Kila baada ya saa mbili Nasipwondi hunishikia zamu na kunifukuza niende msalani. Nafunga mlango. Nasali kidogo. Naangalia.

Mpaka leo mchana, ndani ni nyeupe.

Aunti yako,
Kamene